Kuandika kumbukumbu za watu mashuhuri waliofariki karibuni: nithibitishe vipi, niweke nini?

Kalamu_Nyoofu

Habari zenu wakuu. Ninaandaa kumbukumbu za watu mashuhuri wa dunia waliotutoka mwaka 2024 na 2025, wa fani zote: siasa, uandishi, michezo, sayansi, filamu. Kila mmoja nimempangia maneno 150 hadi 200, na nataka zisomeke bila dosari hata miaka kumi ijayo.

Nilichokusanya hadi sasa hakiniridhishi. Mtu mmoja ana tarehe mbili za kifo. Umri unapishana kwa mwaka mmoja kutoka chanzo hadi chanzo. Sifa nazo zimefanana mno: "alikuwa nguzo", "ameacha pengo lisilozibika". Ukibadilisha jina la juu hakuna atakayeona tofauti. Watu hawa hawakuishi maisha ya kufanana, na sipendi wafananishwe baada ya kufa.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Kifo kinathibitishwaje kabla ya kuandika? Tarehe ipi ndiyo ya kuwekwa? Na ndani ya maneno hayo 150 kiingie nini, kiachwe nini?

---

Mzee wa Jalada

Kijana, hizo tarehe mbili mara nyingi zote ni za kweli, ila si za jambo moja. Kuna siku mtu aliyofariki, kuna siku kifo kilipotangazwa, na wakati mwingine kuna siku mwili ulipokutwa. Katika jedwali lako tenga safu tatu, hata kama nyingi zitabaki tupu.

Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia, alifariki usiku wa tarehe 8 Februari 2025, na taifa likatangaziwa tarehe 9. Aliyesoma habari ya tarehe 9 akaandika "amefariki leo" amekosea siku moja, na kosa hilo likinakiliwa na kurasa kumi linaanza kusimama kama ukweli.

Mfano mgumu zaidi ni mwigizaji Gene Hackman. Alikutwa amefariki nyumbani kwake Santa Fe, New Mexico, tarehe 26 Februari 2025. Tarehe 7 Machi mamlaka ya uchunguzi wa vifo ilieleza kwamba kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo alichokuwa amewekewa mwilini kilionyesha shughuli ya mwisho tarehe 18 Februari. Sentensi sahihi basi inabeba mambo mawili: alikutwa amefariki 26 Februari, na yaelekea alifariki karibu na tarehe 18. Ukiandika "alifariki 26 Februari" umekosea kwa zaidi ya wiki. Na hata taarifa ya uchunguzi huweza kusogea: mkewe, Betsy Arakawa, awali alidhaniwa kufariki tarehe 11, kisha ikabainika kwamba alipiga simu asubuhi ya tarehe 12. Kifo kinachochunguzwa usikifunge wiki ya kwanza. Weka alama, ukirudie baada ya mwezi.

Tarehe inayohesabika ni ya mahali alipofia. Mtu akifariki Los Angeles saa 4 usiku wakati wa majira ya baridi, Tokyo tayari ni saa 9 alasiri ya kesho yake, na vyombo vya huko vitaandika kwa kalenda yao. Kuhusu saa zenyewe, ukinakili kutoka lugha za nje usisahau kupunguza sita. Papa Francis alifariki tarehe 21 Aprili 2025 saa 1:35 asubuhi. Wapo walioliacha "7:35" kama lilivyo wakaandika "saa 7:35", na msomaji akaelewa ni mchana.

Sasa uthibitisho. Swali moja linachuja uvumi mwingi: *nani amesema?* Jina na cheo, si "duru za kuaminika". Tarehe 23 Julai 2024 ilisambaa barua yenye nembo ya ofisi ya Jimmy Carter ikitangaza kifo chake. Ilikuwa ya kughushi. Carter aliishi miezi mitano zaidi, akafariki tarehe 29 Desemba akiwa na miaka 100. Juni 2024 ikawa zamu ya mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky: machapisho yanayoheshimika yalitoa tanzia, kisha mkewe akasema habari hizo ni za uongo. Makosa yote mawili yangezuilika kwa kufuata mlolongo huu:

1. Rudi nyuma hadi taarifa ya kwanza kabisa. Kurasa ishirini zinazonukuu andiko moja ni chanzo kimoja.
2. Fungua mwenyewe tovuti au akaunti rasmi ya familia, ofisi, klabu au taasisi. Picha ya skrini haihesabiki. Nembo na saini huchukua dakika chache kughushi.
3. Tafuta chanzo cha pili kisichonakili cha kwanza: mwandishi aliyezungumza na msemaji anayetajwa kwa jina, au hospitali, au mamlaka.
4. Hakikisha ni mtu yuleyule. Linganisha mwaka wa kuzaliwa na kazi yake, maana majina hugongana na picha ya aliye hai hubandikwa juu ya jina la aliyekufa.
5. Tazama tarehe ya habari yenyewe. Kifo cha miaka sita iliyopita hufufuka mtandaoni kila baada ya muda na kuonekana kipya.

Na kama unaandaa rasimu za watu wenye umri mkubwa wakiwa bado hai, jambo ambalo vyumba vya habari hulifanya kila siku, zihifadhi nje kabisa ya mfumo wa kuchapishia. Novemba 2020 Radio France Internationale ilichapisha kwa bahati mbaya tanzia za takriban watu 100 waliokuwa hai wakati huo, akiwemo Malkia Elizabeth na Pelé, wakati tovuti yake ikihamishiwa kwenye mfumo mpya.

---

Hesabu_Safi

Kwa upande wa umri: usitoe mwaka kwa mwaka ukaishia hapo. Toa, kisha uliza kama siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imefika. Kama haijafika, punguza moja.

José Mujica wa Uruguay alizaliwa 20 Mei 1935 akafariki 13 Mei 2025. Hesabu ya haraka inatoa 90, lakini alibakiza wiki moja, kwa hiyo ni 89. Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, alizaliwa 8 Mei 1925 akafariki 29 Februari 2024: si 99, ni 98. Robert Redford alizaliwa 18 Agosti 1936 na kufariki 16 Septemba 2025. Siku ilishapita, basi 89 kamili. Kama kinachojulikana ni mwaka wa kuzaliwa tu, andika "akiwa na umri wa miaka 79 au 80". Usichague mmoja kwa kukisia.

Mwezi uandike kwa herufi. Aga Khan wa nne alifariki 4/2/2025, na kwa mpangilio wa Kimarekani hiyo ni Aprili 2.

Halafu kama ukurasa wako utakuwa na kumbukizi za kila mwaka zinazojiweka zenyewe, ya Mzee Mwinyi itakusumbua. Tarehe 29 Februari itarudi 2028. Katika miaka ya katikati programu nyingine hurudi 28 Februari, nyingine huruka hadi 1 Machi, na nyingine hazionyeshi chochote. Chagua moja mapema, uiweke kwa mkono.

---

Binti Ukurasa

Hapo kwenye sifa kufanana ndipo penye kazi yenyewe. Sababu iko wazi: waandishi wengi huanza na hisia za kifo, na hisia za kifo ni zilezile kwa wote. Anza na tendo. Jiulize ni kitu gani kilikuwepo au hakikuwepo duniani kwa sababu ya mtu huyu, kisha ukiandike kwa namna ambayo haiwezi kubandikwa kwa mwingine.

Kwa maneno 150, mgao unaofanya kazi ni huu: sentensi ya kwanza maneno 30 hivi (jina, alikuwa nani, tarehe, mahali, umri). Maneno 80 hadi 90 kwa jambo moja au mawili aliyoyafanya. Yanayobaki ni kwa muktadha: alikotoka, tuzo moja yenye uzito, aliowaacha. Ukijaza nyadhifa zote alizoshika utapata orodha ya vyeo, na mtu atapotea ndani yake.

Mtazame Jane Goodall. Wengi waliandika "mpenzi mkubwa wa wanyama". Hiyo inamfaa hata jirani anayefuga paka. Jaribu hivi:

*"Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara. Alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960 akiwa na miaka 26 na hana shahada yoyote. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe dume, aliyempa jina David Greybeard, akichomeka bua la nyasi ndani ya kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, na kuwala. Sokwe walionekana pia wakipukutisha majani ya kijiti ili kifae kazi hiyo. Sayansi ya wakati ule ilishikilia kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake. Aliwapa sokwe majina pale ambapo watafiti wengine walitumia namba, na alilaumiwa kwa hilo. Mwaka 1977 alianzisha taasisi yenye jina lake, na mwaka 2002 akateuliwa kuwa Mjumbe wa Amani wa Umoja wa Mataifa."*

Hakuna "nguzo" wala "pengo", na bado msomaji anajua kilichoondoka.

Namba nayo husema kuliko sifa, ila iwe na pande mbili. Carter: "alipambana na magonjwa" haitoshi. Kituo alichokianzisha kiliongoza juhudi dhidi ya mnyoo wa Guinea, na wagonjwa wakashuka kutoka takriban milioni 3.5 mwaka 1986 hadi chini ya 20 kwa mwaka katika miaka yake ya mwisho. Bila ile namba ya mwanzo, ya pili haina nguvu.

Sasa, mitego. Neno "wa kwanza" ndilo linaloharibu kumbukumbu nyingi. Papa Francis ameandikwa mara nyingi kuwa papa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya. Si kweli, Gregori wa Tatu, aliyefariki mwaka 741, alikuwa Msiria. Francis alikuwa wa kwanza kutoka bara la Amerika, na Mjesuiti wa kwanza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 28 Mei 2025, anaandikwa "mshindi wa Nobel". Alitajwa miaka mingi kuwa anastahili, hakupewa. Kelvin Kiptum, aliyefariki kwa ajali ya gari 11 Februari 2024 akiwa na miaka 24 tu, hakukimbia marathoni chini ya saa mbili. Rekodi yake ya Chicago ya 8 Oktoba 2023 ilikuwa saa 2, sekunde 35. Aliyetumia saa 1:59:40 ni Eliud Kipchoge, Vienna, 2019, katika mbio ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Na rekodi yoyote uiandike kwa wakati wake: "aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia alipofariki". Ukiandika "anashikilia", siku itakapovunjwa ukurasa wako utakuwa unadanganya.

Majina pia. Ngũgĩ si "Bwana Thiong'o". Thiong'o ni jina la baba yake. Ukimtaja mara ya pili sema Ngũgĩ, na umpange kwenye N. Weka alama za juu ya herufi, lakini mahali pa maneno ya kutafutia ongeza "Ngugi", kwa kuwa wasomaji wengi wataandika hivyo. Jina lake la awali, James Ngugi, linafaa kutajwa kwa sababu riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1964, ilitoka kwa jina hilo.

Kuhusu aliowaacha, kagua nani yu hai. "Carter ameacha mke na watoto" ilionekana mahali pengi, ilhali Rosalynn alimtangulia, 19 Novemba 2023. Watoto wadogo wataje kwa idadi, si kwa majina.

---

Kalamu_Nyoofu

Nashukuruni sana, Mzee wa Jalada, Hesabu_Safi na dada Binti Ukurasa. Nimeshaanza kuzitenga zile safu tatu, na ya Hackman nimeirekebisha.

Bado mambo matatu. Sababu ya kifo iandikwe lini, na kwa maneno gani? Watu ambao maisha yao yana mema na mabaya mazito niwaandikeje bila kuwatukana wala kuwasafisha? Na picha: nimeona wengi wanachukua yoyote inayojitokeza kwenye utafutaji. Je, mtu akishafariki picha zake zinakuwa za wote?

---

Mhakiki wa Pili

Nianze na picha, maana jibu ni fupi: hapana. Haki ni ya mpiga picha au aliyemwajiri, na kufa kwa aliyepigwa hakubadilishi kitu. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi wa picha kuwa miaka 25 tangu ilipotengenezwa, na nchi nyingi zinalinda hadi miaka 50 au 70 baada ya kufa kwa mpigaji mwenyewe. Tafuta picha zenye leseni huria za Creative Commons. Kwa CC BY na CC BY-SA unatakiwa kutaja jina la mpigaji, jina na toleo la leseni, kiungo cha leseni, na kusema kama umeibadilisha. Kuikata au kuigeuza nyeusi na nyeupe ni kubadilisha, na kugeuza nyeusi na nyeupe ndicho kitu cha kwanza watu wanachofanya kwenye kumbukumbu. Leseni yenye ND hairuhusu kusambaza iliyobadilishwa. Yenye NC haifai kama ukurasa una matangazo ya biashara. Picha zilizopigwa na wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini hazina kizuizi cha hakimiliki nchini humo, na hizo zitakusaidia kwa viongozi wengi waliotembelea au kupokea wageni huko.

Chagua picha ya wakati alipokuwa kazini, si ya kitandani. Maelezo ya chini yataje mahali na mwaka, kwa sababu picha ya 1985 isiyo na mwaka humdanganya msomaji. Picha inayodaiwa kuwa "ya mwisho" iache hadi ujue nani aliipiga na lini. Siku hizi nyingi zimetengenezwa na kompyuta.

Sababu ya kifo iandike pale tu familia, daktari au mamlaka ilipoitaja, na kwa kiwango kilekile. Kama wamesema "baada ya kuugua kwa muda mfupi", usiongeze jina la ugonjwa. Kosa la kawaida ni kuunganisha ugonjwa uliojulikana na kifo. Papa Francis alilazwa kwa siku 38, kuanzia 14 Februari 2025, kwa nimonia ya mapafu yote mawili, na kumbukumbu nyingi zikaandika nimonia. Cheti cha daktari wa Vatican kilitaja kiharusi, kupoteza fahamu, na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. "Moyo ulisimama" peke yake si sababu. Kila anayekufa moyo wake husimama.

Kama mtu alijitoa uhai, fuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari: usitaje njia wala mahali, usiweke kwenye kichwa cha habari, usirahisishe kwa kutaja sababu moja, na weka mahali pa kupata msaada. Hili lichukue kwa uzito wote. Maelezo ya njia huweza kumgusa msomaji ambaye mwenyewe yuko ukingoni.

Kwa wenye historia nzito, chukua Alberto Fujimori wa Peru, aliyefariki 11 Septemba 2024 akiwa na miaka 86. Kumbukumbu yake haiwezi kukaa bila mambo haya: alitawala 1990 hadi 2000, mfumuko mkali wa bei ulidhibitiwa na kiongozi wa waasi wa Shining Path, Abimael Guzmán, alikamatwa Septemba 1992 katika utawala wake, mwaka huohuo wa 1992 alilivunja bunge, na mwaka 2009 mahakama ilimhukumu miaka 25 jela kwa mauaji ya raia yanayojulikana kwa majina ya Barrios Altos na La Cantuta. Aliachiwa Desemba 2023. Ona kwamba hakuna kivumishi hata kimoja cha kulaumu wala kusifu. Tumia vitenzi na tarehe, na hukumu ya mahakama iite hukumu. Tuhuma ambayo haikufika mahakamani iite tuhuma, na useme nani aliitoa. Mpangilio nao una maana: mabaya yakitupwa sentensi ya mwisho baada ya neno "hata hivyo", umeyaficha. Yaweke pale yalipotokea katika maisha yake.

---

Mzee wa Jalada

Naongeza la matengenezo, kwa sababu ukurasa huu utaishi miaka mingi.

Chini ya kila kumbukumbu weka tarehe ulipoihakiki mara ya mwisho. Panga kuirudia mara tatu: baada ya siku 2, ambapo habari za awali huwa zimenyooka; baada ya mwezi, matokeo ya uchunguzi yakitoka; na baada ya mwaka. Ukirekebisha jambo la msingi kama tarehe, umri au sababu, andika mstari mmoja unaosema kilichobadilishwa. Usifute kimyakimya, aliyenakili toleo la kwanza anahitaji kujua kwamba lilikuwa na kosa.

Pitia nyakati za vitenzi pia. Mtu "alikuwa" mwandishi, lakini vitabu vyake "vinasomwa" na taasisi yake "inaendelea". Wengi hubadilisha kila kitu kuwa wakati uliopita, hata mambo ambayo bado yapo. Na uondoe "leo", "jana", "wiki iliyopita" na "hivi karibuni" kila mahali, weka tarehe.

Mwisho, hifadhi nakala ya chanzo cha kwanza cha kila kifo, si kiungo tu. Taarifa za familia kwenye mitandao ya kijamii hufutwa, tovuti za ofisi hufungwa mwenyewe akishaondoka, na anwani za vyumba vya habari hubadilika. Chukua nakala ya ukurasa mzima yenye tarehe na anwani yake, uipe jina kwa mpangilio mmoja: mwaka-mwezi-siku ya kifo, kisha jina. Faili zitajipanga zenyewe, na mtu akikuuliza mwaka 2035 umeipata wapi tarehe ya Nujoma, utamfungulia.